Amri ya Mungu na Hiari ya Mtu

Liko neno moja ambalo katika vijiji vyetu vya Kurui hutamkwa kila penye msiba, wala hapana mtu anayelishangaa. Mtoto akifa, watu husema, "Amri ya Mungu." Nyumba ikiungua, "Amri ya Mungu." Muhogo ukioza ardhini, mvua zikikosa, kijana akianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika mguu, neno ni lile lile. Ndugu zetu Waislamu, ambao twakaa nao na kuzikana nao, husema, "Kudura ya Mwenyezi Mungu," na maana haitofautiani sana. Sisi walimu nasi twalisema, tena twalisema mbele ya kaburi tukiwa na Kitabu mkononi, na kwa hiyo watu hudhani ya kuwa twajua maana yake.

Mwaka mmoja, masika yalipokuwa yakielekea kwisha, tulikwenda kumzika mtoto wa kike wa miaka minne aliyekufa kwa malaria. Tulisema maneno yaliyozoeleka, watu wakaitikia, tukarudi. Siku ya tatu tulipokwenda kuhani, mama yake alituuliza mbele ya wanawake waliokaa mkekani: "Mwalimu, chandarua cha yule mtoto tulikuwa tumewafunikia vifaranga ili mwewe asiwachukue. Je, hiyo nayo ilikuwa amri ya Mungu?" Hapana aliyejibu. Mzee mmoja alikohoa, akaanza kusema habari za mvua. Sisi tulitazama chini, tukaaga mapema kuliko desturi.

Tangu siku ile hatukuweza kulitamka neno lile kwa wepesi. Tumelifikiri njiani na shambani, tumelizungumza na walimu wenzetu, na haya tuandikayo ndiyo tuliyoyapata mpaka sasa.

Majibu mawili yako karibu, na yote mawili ni mepesi mno. La kwanza ni kusema, "Naam, mama, hata chandarua kukaa juu ya vifaranga ilikuwa amri ya Mungu, kwa maana kila kitu ni amri yake." Jibu hili lina sura ya uchaji, lakini tazameni jinsi sisi wenyewe tusivyoliamini. Mtu akiibiwa gunia la korosho, hasemi ya kuwa ni amri ya Mungu akaenda kulala. Huamka usiku ule ule, humwita mwenyekiti wa kitongoji, hufuata nyayo. Na mwizi akikamatwa akasema, "Msinipige, Mungu ndiye aliyepanga niibe," hapana baraza litakalompokea neno lake. Basi twaona ya kuwa katika mambo ya mali yetu twajua sana kama mtu ana hiari na ya kuwa ataulizwa kwa alilolitenda. Bali katika mambo ya uzembe wetu twasahau. Ni ajabu kidogo ya kuwa Mungu hutwikwa makosa yetu sisi, wala hatwikwi makosa ya jirani.

Jibu la pili ni baya zaidi, nalo hutolewa na watu wenye kujiona wamesoma. Husema, "Mama, ni kosa lako." Hao ni rafiki za Ayubu, waliokaa naye siku saba bila kusema neno, wakawa wafariji wema kabisa mpaka walipofumbua vinywa. Bwana wetu alipoutaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, alikana wazi ya kuwa hao walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Yatupasa kukumbuka pia ya kuwa wako watoto wanaolala chini ya vyandarua vizima na bado hushikwa na homa, na wako watoto wasio na chandarua ambao hukua wakaoa. Anayempima mama kwa mizani ya mtoto wake aliyekufa hajui anachokipima.

Ikiwa majibu yote mawili hayafai, yatubidi twende polepole, tuanze na viumbe visivyo na hiari.

Mbu hana hiari. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akifanya kazi huko Bara Hindi, alimpasua mbu akaona katika tumbo lake vidudu vya malaria. Na mwaka uo huo Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam, akatazama damu za wagonjwa wa homa kwa hadubini. Kabla ya siku hizo watu wa Ulaya walidhani homa hutoka katika hewa ya mabwawa, na neno malaria lenyewe kwa Kitaliano maana yake ni hewa mbaya. Tangu hapo imejulikana ya kuwa mbu jike aitwaye anofelesi hutafuta damu usiku ili apate kukuza mayai yake. Akimwuma mgonjwa humeza vidudu. Vidudu hukomaa ndani yake kwa muda wa siku kumi hivi au zaidi. Kisha akimwuma mtoto humwachia. Ndivyo afanyavyo kila usiku, kwa tajiri na kwa maskini, kwa mtoto wa mwinjilisti na kwa mtoto wa mganga. Hamchukii mtu wala hampendi mtu.

Msomaji aweza kusema, "Huu ni ukatili. Kwa nini Mungu ameviweka vitu hivi?" Neno hilo tutalirudia. Lakini kwanza tazameni upande wa pili. Kwa kuwa mbu hushika njia moja, chandarua chafaa. Kama angeuma leo usiku na kesho adhuhuri, na keshokutwa homa ikatoka katika maji ya kisima, na siku ya nne ikaletwa na kucheka, hapana mama duniani ambaye angeweza kumlinda mwanawe. Wala hapana ambaye angeuliza swali aliloliuliza yule mama, kwa maana kusingekuwa na la kufanya wala la kuacha. Swali lake lilikuwa na maana kwa sababu ulimwengu una utaratibu.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kidogo. Tulizoea kufikiri ya kuwa amri ya Mungu na hiari ya mtu ni kama fahali wawili katika zizi moja: mmoja akipata nafasi, mwingine hukosa. Tukimpa Mungu nyingi, mtu hubaki kama jiwe; tukimpa mtu nyingi, Mungu hubaki kama mzee aliyestaafu. Lakini mkulima ajua sivyo. Mkulima aweza kuchagua siku ya kupanda kwa sababu masika huja Machi na vuli huja Oktoba, ingawa mara nyingine huchelewa. Aweza kuchagua mbegu kwa sababu mhindi hauzai mtama. Kama mbegu zingekuwa na hiari, mkulima asingekuwa nayo. Baada ya gharika Mungu alimwahidi Nuhu ya kuwa kupanda na kuvuna havitakoma, wala baridi na hari, wala mchana na usiku. Na ahadi ile, tukiifikiri, ndiyo ardhi ambayo juu yake hiari zetu zote husimama. Twauita utaratibu, wenye elimu huuita sheria za maumbile, lakini jina lake la kanisani ni uaminifu wa Mungu.

Tazameni muhogo, ambao kwetu ndio chakula hasa. Mwaka 1936 mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, aliandika habari za ugonjwa wa muhogo ambao siku hizi huitwa michirizi ya kahawia. Majani huonekana mazima au karibu mazima, mama huchimba, na ndani ya mzizi hukuta uozo mkavu wa rangi ya udongo. Wengine walisema ni uchawi, wengine walisema ni lile neno letu. Wataalamu wakaona ya kuwa ugonjwa huchukuliwa na nzi weupe wadogo, na zaidi ya hapo huchukuliwa na sisi wenyewe, tukatapo mbegu katika shina lenye ugonjwa tukampa shemeji. Tena kule Amani wakachanganya muhogo na jamaa yake wa mbali, ule mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda katika nchi hii, wakapata mihogo yenye nguvu za kuuzuia. Nguvu ile ilikuwa ndani ya mti wa mpira miaka yote, hapana aliyeijua. Sisi twaona mkono wa Mungu hapo kuliko katika miujiza mingi tuliyosimuliwa: ya kuwa aliweka dawa karibu na ugonjwa, kisha akatuachia kazi ya kutafuta.

Na kwa habari ya malaria vivyo hivyo. Chanjo ya kwanza ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wa Afrika, mwezi wa Oktoba 2021, ilikuwa imejaribiwa katika nchi saba za Afrika, na mahali pawili pa majaribio katika nchi yetu palikuwa Korogwe na Bagamoyo. Bagamoyo ni mkoa wetu wa Pwani. Mama zao waliwapeleka kwa hiari, wakijua ya kuwa huenda chanjo isifae. Mtu akituuliza majaliwa ya Mungu yanafanana na nini, twaweza kumwonyesha foleni ile ya mama zao mbele ya zahanati.

Wako Wakristo wenzetu watakaotuambia ya kuwa maneno haya si ya Kilutheri. Watasema, "Je, Martin Luther hakuandika mwaka 1525, akimjibu Erasmus, ya kuwa hiari ya mtu imefungwa?" Aliandika, wala hatumkani. Lakini alisema habari ya wokovu, ya kuwa mtu hawezi kujipatia haki mbele ya Mungu kwa nguvu zake. Katika mambo yaliyo chini ya mtu, kama mali yake na shamba lake, aliikubali hiari katika kitabu kile kile. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, watu walimwuliza kama Mkristo aweza kuikimbia. Luther mwenyewe alikaa mjini akawauguza wagonjwa. Lakini katika waraka aliouandika aliwakemea wale waliodharau dawa na kutojihadhari wakijiita wenye imani. Aliwaambia ya kuwa huko ni kumjaribu Mungu, na ya kuwa yeye atamwomba Mungu, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na hatakwenda mahali ambapo hahitajiwi, asije akawaambukiza wengine. Tungependa waraka ule usomwe katika kila usharika, hasa siku ambazo wauguzi wa chanjo waja kijijini na wazee wajificha.

Lakini utaratibu wa Mungu una upande mgumu, na nchi hii iliujua ugumu wake mwaka 1905. Hatuwezi kuandika juu ya amri ya Mungu katika Uzaramo tukairuka habari hii, ingawa tungeona nafuu kuiruka.

Wazaramo wa zamani, mvua zilipokosa, waliwatuma watu mpaka milima ya Uluguru, penye pango la Kolelo, kuomba mvua na mazao. Habari hizi aliziandika mmisionari Martin Klamroth wa missioni ya Berlin, aliyekaa Uzaramo na kuwauliza wazee. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilikuwa imeanzisha mashamba ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam, kila jumbe na shamba lake. Watu walilazimishwa kulima, wasilime chakula chao kwa siku hizo, na malipo yalikuwa madogo hata wengine waliyakataa kwa aibu. Katika mwaka 1905 habari zikaenea ya kuwa Kolelo amekataza kulipa kodi. Ya kuwa gharika itakuja kuwafuta wageni. Ya kuwa ardhi itafunuka iwameze. Ya kuwa bunduki zao zitatoa maji. Kusini, huko Ngarambe, Kinjeketile Ngwale akawa akigawa dawa ya maji. Mwishoni mwa Julai Wamatumbi wa Nandete wakang'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile alinyongwa Mohoro. Mwezi ule ule vita viliingia Uzaramo, na kati ya walionyongwa baadaye ni Kibasila, ambaye shule moja ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Hatuwacheki wazee wale, wala hatupendi kusikia vijana wa shule wakiwacheka. Walilolitaka lilikuwa haki. Mtu aliyepigwa kiboko katika shamba la pamba huku mtama wake ukiliwa na ndege, akiinuka akasema "Basi!", ametumia hiari ambayo Mungu alimpa. Kosa halikuwa hapo. Walidhani ya kuwa kwa sababu shauri lao ni la haki, Mungu atauvunja utaratibu wake siku moja kwa ajili yao, risasi ziyeyuke. Risasi haina hiari, kama mbu. Humpiga mwenye haki kama impigavyo asiye haki. Ule uaminifu unaoufanya mhindi uote ndio unaoifanya baruti iwake, na anayeupokea mmoja ameupokea na wa pili, hata akilia.

Hayo ni maneno mazito, nasi twayaandika kwa hofu. Lakini tuseme na la upande mwingine. Wako Wakristo wa siku zile walioona ya kuwa Mungu amehukumu, kwa kuwa wenye bunduki walishinda. Huo ni ushirikina ule ule, umevaa kofia. Ikiwa maji hayathibitishi ya kuwa Mungu yuko upande wako, risasi nazo hazithibitishi. Baada ya mapigano askari walichoma vijiji, wakachoma na vyakula makusudi, ili njaa imalize kazi. Hesabu ya Wajerumani ilisema watu 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Je, njaa ile tuiite amri ya Mungu? Tukiiita hivyo tumemsafisha aliyeshika kiberiti, na masizi tumempaka Mungu.

Hapo huja swali ambalo lilitusumbua kuliko yote. Ikiwa maumbile yafuata njia yake, na watu wafuata hiari zao, Mungu mwenyewe afanya nini? Ameutia ulimwengu ufunguo kama saa, kisha akaenda zake?

Tulipolifikiri hili tulimkumbuka Martin Ganisya. Alizaliwa katika nchi za Ziwa Nyasa, akachukuliwa mtumwa utotoni, akaachwa huru, akalelewa katika missioni, akawa mwalimu katika kanisa la Kilutheri la Uzaramo; na katika vita vya 1914 mpaka 1918, wamisionari Wajerumani walipoondolewa, ndiye aliyeliongoza kanisa la Dar es Salaam. Mzungu hakuwapo, na ibada haikukoma. Habari hii yafanana na habari ya Yusufu, ambaye ndugu zake walimwuza, akaja kuwa mtunza ghala la Misri, akawalisha wale wale waliomwuza. Yusufu aliwaambia ndugu zake mambo mawili kwa pamoja: ya kuwa wao walikusudia mabaya, na ya kuwa Mungu katika jambo lilo hilo alikusudia mema. Hakusema ya kuwa ubaya wao haukuwa ubaya. Hakusema pia ya kuwa Mungu alishtuka akatafuta la kufanya baadaye.

Ni lazima tujihadhari hapa, kwani mtu aweza kuliharibu neno hili kwa haraka. Asiyefikiri atasema, "Basi utumwa ulikuwa na faida, maana ulimleta Ganisya." La, hasha! Wangapi walikufa njiani kati ya Nyasa na pwani, ambao hawakulelewa na missioni yo yote wala kuongoza kanisa lo lote? Mwuza watumwa alitenda ubaya kwa hiari yake, nao ni wake mpaka siku ya hukumu. Sisi twasema hili tu: ubaya huo haukuwa na neno la mwisho juu ya Martin Ganisya. Kama ule mti wa mpira ulioletwa kwa tamaa ya mali, na ndani yake ilikuwamo dawa ya muhogo ambayo waliouleta hawakuitafuta. Mungu hafanani na fundi saa. Kama ni mfano, twaona afanana zaidi na mwanamke mwenye kusuka ukili, ambaye mtoto huja akamvuruga, naye hamfukuzi mtoto, bali huuchukua hata ule mkunjo uliopotoka akausuka ndani, na mkeka huendelea. Mfano huu una upungufu, twajua. Mkeka wetu bado hatujauona mwisho wake.

Wengine hupenda kuuliza ya kuwa, ikiwa Mungu ajua tangu milele nitakalotenda kesho, nawezaje kuwa na hiari? Swali hili huwafurahisha sana vijana wa sekondari. Mwafrika mwenzetu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo sasa ni Algeria, alilijibu zamani: kama vile wewe kukumbuka jambo la jana hakulilazimishi lililokwisha tendeka, vivyo hivyo Mungu kujua la kesho hakumlazimishi atakayelitenda. Sisi twaona limetosha. Anayetaka zaidi aendelee, lakini mwenye swali hili mara nyingi hakuja na maiti nyumbani.

La mvua ndilo gumu zaidi kwetu, maana twaliomba. Mwezi wa Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yalipungua hata mji wa Dar es Salaam ukawa ukipata maji kwa zamu. Mto huo hushuka kutoka milima ile ile ya Uluguru, ambako wazee waliwapelekea wajumbe Kolelo. Kwa hiyo mpaka leo, kwa bomba au kwa pango, watu wa pwani huitazama Uluguru. Sisi katika vijiji vyetu tuliomba mvua. Na katika juma lile lile la maombi tuliona baiskeli za makaa zikipita alfajiri, magunia matatu matatu, kwenda kuuzwa kwa watu wa mjini. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, katika wilaya yetu hii ya Kisarawe, imeliwa na tanuri za makaa kwa miaka mingi. Hatusemi ya kuwa kila ukame huletwa na shoka. Mvua zetu huja kutoka baharini, na bahari ikibadili joto lake mvua hubadilika, hata kama hapana aliyekata mti. Wala hatuwalaumu wenye baiskeli kuliko wenye majiko. Lakini kumwomba Mungu maji huku tukiuza kivuli cha chemchemi ni kama kumwomba jirani moto huku umelowesha kuni zako.

Je, maombi yafaa, ikiwa utaratibu haubadiliki? Twaamini yafaa, na hatuwezi kuthibitisha kwa hesabu. Mtoto humwomba baba yake chakula, ingawa baba amekwisha lima. Wala baba haoni ya kuwa kuombwa huko ni bure. Tena tumeona ya kuwa mtu aombaye kwa kweli huinuka na jambo la kufanya. Mwaka ule, baada ya ibada ya kuomba mvua, wanawake wa kwaya walikwenda wakafukua kisima cha zamani kilichofukiwa na mchanga. Mvua zilichelewa. Kisima kilikuwa na maji kidogo, ya rangi ya chai, yakachotwa kwa zamu mpaka Desemba.

Tulirudi kwa yule mama baada ya miezi miwili, kwa kuwa tuliona haya kukaa na majibu bila ya kumpelekea. Tulimkuta ameketi ukumbini, chandarua kimetandazwa magotini, akikishona matundu. Alikuwa amekifua, lakini manyoya madogo ya vifaranga yalikuwa bado yamenasa pembeni. Wana wengine wawili alikuwa nao. Tulimwambia ya kuwa hatutalisema tena neno lile kama tulivyolisema makaburini; ya kuwa kifo cha mwanawe hakikuwa amri iliyotolewa juu yake kama hukumu barazani; ya kuwa mbu alifuata njia yake, na yeye alichagua kama mama wengi wachaguavyo, kuku mkononi na homa mbali; ya kuwa Mungu hakumpanga mtoto afe, wala hakuwa mbali alipokufa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

Kisha akauliza, "Lakini, Mwalimu, usiku mmoja tu? Hakuweza kumgeuza mbu usiku ule mmoja, kisha utaratibu ukaendelea?"

Tulikuwa tumelifikiri swali hilo njiani, kwa kuwa tulijua atauliza, na lile neno letu la mhindi na baruti lilikuwa tayari kinywani. Hatukulitoa. Tulimwambia, "Mama, hatujui." Akanyamaza kidogo, akaivuta kona ya pili ya chandarua, akatutilia uzi katika sindano nyingine, tukaketi tukashona hata jua likachwa.